Gambuti za Marehemu

Kama ulikuwa nasi wiki jana, bado unamwona mshonaji wetu pale barazani, maji yanamchuruzika kwenye koti la mvua, mkono mmoja umebeba gambuti zake na wa pili umeziba mdomo asije akapiga kelele. Kama hukuwapo, sogea tu, hujachelewa. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajaelewa anachokiona.

Mbele yake, kwenye kigingi cha mwisho, kulikuwa na gambuti nyeusi zimepinduliwa, soli juu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kiraka kilishonwa kwa uzi mwekundu wa nailoni, mshono wa kurudi nyuma, na fundo la mwisho limefichwa upande wa ndani.

Kiraka kile alikishona yeye. Alikishona kwa sindano ya magunia, akilalamika kwamba vidole vinamuuma, huku mumewe akicheka na kuuliza ni nani duniani anayeshonea gambuti kama shuka.

Na mumewe walikwishamzika.

"Dada, utapata homa hapo." Mpishi wa loji alikuwa akipita na ndoo ya majivu. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mvua. "Pachika gambuti zako uingie ndani. Kigingi chako ni cha bluu, kama mlango wako."

"Hizi ni za nani?"

"Zipi?"

"Hizi za mwisho."

"Hizo? Za Kimya."

"Kimya ndiye nani?"

"Mkata njia wetu. Anafyeka njia, anachanja kuni, anaziba paa likivuja. Mtu mzuri, ila ukimsalimia asubuhi, jibu lake unalipata jioni."

"Yuko wapi?"

Mpishi akacheka. "Gambuti zikiwapo, mwenyewe yupo. Hukuambiwa?"

Alikuwa ameambiwa. Msimamizi wa loji humwambia kila mgeni hata kabla hajampa ufunguo. Msitu ule umefunga kama nywele zilizosukwa. Ukitoka kidogo tu nje ya njia, hakuna anayekuona tena. Ndiyo maana mbele ya ukumbi wamechomeka vigingi vya panda, kila kimoja na rangi ya mlango wa chumba chake. Vya wafanyakazi havina rangi. Ukirudi kutoka msituni unavua gambuti, unazipindua kigingini. Ukienda msituni, kigingi kinabaki wazi. Ukungu ukianza kushuka, msimamizi hupita akitazama. Kigingi kikiwa wazi, maana yake kuna mtu nje, na hapo hupigwa ringi ya gari iliyoning'inia kwenye boriti, wafanyakazi wakatoka kumtafuta. Pale hakuna anayeita majina wala kugonga milango. Wanasoma vigingi.

"Mbona sijawahi kumwona?" mshonaji aliuliza.

"Na mimi hilo limenishangaza. Alikuwa anakula na sisi ukumbini vizuri tu. Tangu uje wewe na ule mtumbwi, anakula nyuma ya jiko, ameelekea ukutani. Anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi giza limeingia. Leo mvua ndiyo imemrudisha mapema. Nilifikiri jino linamuuma."



Akakumbuka siku ile ya msiba. Mumewe alikuwa amekwenda kupasua mbao kando ya mto huu huu, yeye na mdogo wake. Mdogo alirudi peke yake, na nyuma ya lori kulikuwa na maiti iliyofungwa kwenye turubai. Ilikuwa imekaa majini hata haitamaniki. Alipotaka kufunua, shemeji yake alimshika mabega. "Usiangalie uso, shemeji. Baki na sura ile uliyoizoea." Akamwonyesha shati tu. Shati la mistari lenye mfuko wa siri ubavuni, alioushona mwenyewe. Basi akalililia shati, na watu wote wakalia naye.

Sasa shemeji huyo huyo ndiye aliyekuwa akingoja kumwoa. Ndugu walishakubali. Yeye mwenyewe alikubali, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kupenda, akaomba jambo moja tu: aje kwanza akae siku chache karibu na mto uliomchukua mumewe, amuage. Shemeji alikataa, akakataa tena, kisha akaruhusu kwa shingo upande.

Na leo kuna kiraka hapa, na uzi haujachakaa.

"Mama," akamwambia mpishi, "huyo Kimya ana umbo gani?"

Kabla mpishi hajajibu, msimamizi alitokea kwenye ngazi, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Alikuwa mtu mwembamba aliyependa mambo yanyooke, hata mvua angeipanga mistari kama angeweza.

"Wewe wa mlango wa bluu, una mgeni," alisema. "Kavuka na mtumbwi wa mwisho. Mto umepanda, baada ya huo hakuna mwingine leo. Anasema ni shemeji yako."

Mshonaji alisogea taratibu mpaka mgongo wake ukaziba kile kigingi cha mwisho.

Shemeji alipanda barazani na viatu vya ngozi vimejaa tope, suruali imepigwa pasi na kukunjwa hadi magotini.

"Huyu kaja msituni na viatu vya harusini," mpishi alinong'ona.

"Shemeji, pole," akasema yule bwana, akitabasamu kwa meno yote. "Nimeona mvua, roho ikakataa kutulia. Nikasema mto ukifunga, si mtu atakwama huku, na huko watu wanapanga viti? Kesho asubuhi tunaondoka."

"Nilisema nitarudi mwenyewe."

"Najua. Lakini mimi nimekuja. Kuna ubaya?"

"Hakuna."

"Mbona umesimama kama mtu anayelinda mlango?"

"Nimelowa tu, shemeji. Ingia unywe chai."

Msimamizi hakuwa na habari na shemeji wala chai. Alichokiona ni viatu. Akaenda stoo, akarudi na gambuti za kuazima, akazibwaga chini. "Hapa hatutembei na hivyo. Vaa hizi. Kigingi chako chekundu."

Zilikuwa kubwa mno. Kila hatua aliyopiga shemeji kuelekea ukumbini, hewa ilitoka kisiginoni: pwa, pwa, pwa. Mpishi aliuma upindo wa khanga yake asicheke.

Mshonaji yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri kwa kasi ya cherehani.

Aende jikoni akamtafute Kimya? Kama ni yeye na anajificha, atachoropoka kwa mlango wa nyuma. Amwambie shemeji? Kuna kitu ndani yake kilisema hapana, na kilisema kwa nguvu. Asubiri? Kesho asubuhi atapandishwa mtumbwini. Kama mumewe yu hai, ilikuwa imebaki jioni moja ya kumjua.

Basi akafanya kosa. Wakati ule halikufanana na kosa hata kidogo.

Alizichomoa zile gambuti zenye kiraka. Lakini kigingi kikiwa wazi, msimamizi ataona na kupiga ringi. Kwa hiyo akachukua zake mwenyewe alizokuwa amezibeba, akazipindua pale. Zilikuwa nyeusi vile vile, zimejaa tope vile vile, nani atazipima? Ya kulia ilikuwa na kiraka pia, kidogo, karibu na vidole, kwa uzi ule ule mwekundu. Mwenyewe akija kuzichukua, ataona si zake, na akiwa ndiye, ataujua mkono uliozishona. Na hapo yeye atamwona uso.

Zile nyingine akazikunja ndani ya koti, akaenda kuzisukumia chini ya kitanda chake, kisha akazunguka kwa nyuma pekupeku na kuingia katika banda la kuni, linalotazamana na vigingi. Akachuchumaa nyuma ya magogo.

Kusubiri alikujua. Mtu aliyezoea kutarizi mashuka ya watu hafundishwi kusubiri. Lakini siku hiyo alishindwa kutulia. Alikaa, akainuka, akachungulia, akakaa tena. Maji yalimdondokea shingoni, sisimizi akampanda mguu. Ukumbini alisikia sauti ya shemeji akisimulia kitu na kucheka peke yake. Kichwani maswali yalikuwa yanapigana vikumbo. Kama ni yeye, kwa nini hakurudi nyumbani? Kama si yeye, gambuti kazitoa wapi? Na kama ni yeye, Mungu wangu, tulimlilia nani?

Alikuwa amesahau jambo moja dogo tu. Wewe msomaji huenda umeshaliona.

Kigingi cha bluu.

Ukungu ulianza kushuka kutoka kwenye miti, mweupe kama maziwa yanayomwagika kwenye ngazi. Na ndani ya ukungu ule mtu akatokea upande wa jiko.

Alikuwa pekupeku. Koti la mvua limefunika kichwa na uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigingi cha mwisho, akanyoosha mkono, kisha mkono ukasimama hewani.

Aliinama. Akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka kidogo, polepole, kwenda na kurudi. Akakipitisha tena.

Mshonaji alifumbua mdomo. Alitaka kuita. 

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Ringi ililia karibu sana hata kuni zikatetemeka.

"Kigingi cha bluu kiko wazi," msimamizi alitangaza kutoka barazani. "Yule dada mshonaji yuko msituni. Asubuhi alipita njia ya juu. Chukueni taa, twende njia ya juu."

Sasa jiweke wewe katika nafsi ya yule mtu wa pale kigingini. Gambuti zako hazipo. Mahali pake umewekewa za mkeo. Na hapo hapo unasikia mkeo yuko msituni. Utafikiri nini? Utafikiri alichofikiri yeye: kwamba mwanamke amezitambua, amezivaa, ametoka kukutafuta. Na kama amekuja huku kwa ajili ya mto, basi hakwenda njia yoyote ya juu. Amekwenda mtoni, na mto umepanda.

Aligeuka, akakimbia pekupeku kwenye njia ya chini, na ukungu ukamfunga nyuma yake kama pazia.

Mshonaji alitoka bandani akijikwaa kwenye magogo. Alipofika barazani, wanaume walikuwa wameshatokomea na taa zao. Msimamizi peke yake ndiye aliyebaki, amekamata nyundo ya ringi.

"Nipo," akasema akihema. "Sikwenda popote. Nipo."

Msimamizi alimtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. "Ulikuwa wapi?"

"Bandani."

"Unafanya nini bandani?"

"Nilijibanza mvua."

"Hatua mbili kutoka mlangoni kwako, unajibanza mvua bandani." Alivuta pumzi kama mtu anayehesabu ili asitukane. "Mama, nimeweka sheria moja tu hapa. Sikukataza pombe, sikukataza kelele. Moja tu."

Akapiga ringi haraka haraka, ile milio ya kuwarudisha watu. Wanaume walirudi mmoja mmoja, wamelowa chapachapa, wakinung'unika. Shemeji alitoka ukumbini na kikombe mkononi, mpishi nyuma yake. Msimamizi akapita akisoma vigingi kwa kidole.

"Kijani, zipo. Njano, zipo. Chekundu, mgeni amezivaa, yuko hapa hapa. Bluu tunaye mwenyewe. Na cha Kimya, zipo." Akatundika nyundo. "Wote tumo. Nendeni mkabadilishe nguo."

"Hapana," mshonaji alisema.

"Nini tena?"

"Kimya yuko nje. Amekwenda njia ya chini, kunitafuta."

"Kigingi chake kimejaa, dada."

Kila mtu alikuwa ameshaanza kuondoka. Mmoja alikuwa amekwishavua shati. Shemeji alikuwa akimtazama kwa jicho la upole, lile la siku ya msiba, na kikombe kikifuka moshi. Mshonaji aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza. Akinyamaza, kesho anapanda mtumbwi, anaolewa, maisha yanaendelea. Na mtu aliyekimbia pekupeku kwa ajili yake atabaki na mto uliopanda, kwa sababu vigingi vinasema yuko nyumbani, na pale vigingi haviulizwi mara mbili.

"Hizo si zake," akasema. "Ni zangu. Nilizibadilisha."



"Ulifanya nini?" msimamizi aliuliza taratibu.

Mshonaji alikimbia chumbani, akapiga magoti, akavuta gambuti kutoka chini ya kitanda. Alirudi nazo amezikumbatia kama mtoto. Akazisimamisha juu ya meza ya barazani, kisigino kikielekea watu, kiraka wazi.

"Zake ni hizi. Na mimi ndiye niliyekishona kiraka hiki. Nilimshonea mume wangu."

Mpishi alishika kiuno. Msimamizi alifumba macho.

Lakini mshonaji alikuwa hawaangalii hao. Alikuwa anamwangalia shemeji yake, maana kwa mshonaji kazi ni macho. Alitegemea kuona mtu aliyeshtuka, kama yeye alivyoshtuka. Mtu aliyeona kitu cha marehemu ndugu yake hushika kichwa, huuliza zimetoka wapi, hutaka kuzigusa.

Shemeji hakufanya hata kimoja. Alikasirika. Alikasirika kama mtu aliyeagiza kitu kikafanywa ovyo.

"Nilimwambia azichome," alisema kwa sauti ya chini.

Neno lilimtoka, na hakuna aliyeliona likirudi.

"Ulimwambia nani?" mpishi aliuliza.

"Nani?"

"Ndiyo nakuuliza, baba. Ulimwambia nani azichome?"

"Nilisema... nguo za marehemu huchomwa. Nilimwambia... yule aliyeleta maiti. Dereva wa lori."

"Gambuti ni nguo gani tena," mpishi alisema, na macho yake hayakumtoka.

Mshonaji aliingiza mguu mmoja katika gambuti ya mumewe. Kisha wa pili. Ndani zilikuwa pana, na bado zina unyevu wa msituni.

"Unakwenda wapi?" shemeji aliuliza.

"Hakuna anayetoka peke yake," msimamizi alisema kwa haraka. "Ngojea tuchukue kamba. Kijito cha chini hakina daraja, kuna gogo tu, na gogo lenyewe limeshikiliwa na kabari moja upande huu. Likiyumba kwa maji haya..."

Na hapo hapo, kutoka chini kabisa, nyuma ya ukungu, sauti ikaita.

"Sindanooo."

Mtaani kwake watu humwita fundi. Wateja humwita dada. Ndugu za mumewe humwita kwa majina ya ukoo. Sindano aliitwa na mtu mmoja tu chini ya jua, tena usiku taa ikishazimwa, au asubuhi akiomba chumvi.

Shemeji alimshika mkono juu ya kiwiko. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Usiitike," alisema.

Aliitika.

"Nipo," alipaza sauti, mpaka kifua kikauma. "Nipo, nakuja."

Akajinasua, akashuka ngazi, akaingia njia ya chini. Nyuma alisikia msimamizi akifoka kuhusu kamba na sheria, na ringi ikaanza upya, na kuvunjika kwa kikombe.

Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Majani yalimpiga usoni. Mizizi ilimkamata miguu, gambuti zikataka kubaki kwenye tope, akazivuta, akaenda. Alikuwa analia na hajui. Alikuwa na hasira na hajui ni na nani. Alitaka amkumbatie yule mtu na ampige makofi, na hakujua kitakachotangulia.

"Sindano, uko wapi?"

"Huku. Usisogee."

Ukungu ulifunguka, na kijito kikawa mbele yake, kimevimba, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, kinavuta matawi mazima. Gogo lilikuwepo, limelala kutoka ukingo mpaka ukingo, maji yanalilamba kwa chini. Upande wake, chini ya gogo, ile kabari ya mti ilikuwa imekaza, imelowa.

Ng'ambo alisimama mtu pekupeku. Alikuwa amevuka kumtafuta na sasa amegeuka. Miguu ilikuwa inamtoka damu. Kofia ya koti ilikuwa imeanguka mgongoni.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo. Lakini ni yeye. Hata angegeuzwa ndani nje kama nguo, ni yeye.

"Kumbe uko hapa," alisema mshonaji. Katika maneno yote aliyoyapanga juu ya kaburi lile, hilo ndilo lililotoka.

"Niko hapa."

"Nilikuzika."

"Najua."

"Nilikuzika, halafu unakaa huku unachanja kuni."

"Sindano, ongea taratibu." Macho yake yalikuwa yanaruka huku na huku kwenye miti. "Umekuja peke yako?"

"Ndiyo. Nakuja huko."

Alipanda juu ya gogo. Gambuti zilikuwa kubwa, na gogo lilikuwa linateleza kama sabuni, lakini alikuwa amekwishaanza na hakujua kurudi. Hatua. Nyingine. Maji yalinguruma chini yake. Alinyoosha mikono kama mtu anayebeba ndoo mbili.

Alipofika katikati, mumewe aliinua kiganja ghafla.

"Simama hapo hapo."

"Kwa nini?"

Hakuhitaji kuambiwa. Alisikia mwenyewe. Nyuma yake, kwenye njia, kitu kilikuwa kinashuka polepole katika tope, na kila hatua hewa ikitoka kisiginoni.

Pwa. Pwa. Pwa.

"Umesema umekuja peke yako," mumewe alisema.

"Sikumleta. Amenifuata."

"Basi kabla hujanigusa, Sindano, mwulize huyo mdogo wangu." Hakuwa anamtazama yeye tena, alikuwa anatazama nyuma ya bega lake. "Mwulize mbele yangu, na mimi nisikie jibu lake. Yule mtu tuliyemvika shati langu alikuwa nani?"

Tuliyemvika. Mshonaji alilisikia neno lile. Hakusema aliyemvika. Alisema tuliyemvika.

Aligeuza shingo, taratibu, asipoteze mizani.

Shemeji alikuwa amefika ukingoni, penye mwanzo wa gogo na ile kabari. Alikuwa amelowa, ametulia, uso wake hauna kitu. Alimtazama mshonaji, akamtazama kaka yake ng'ambo, akatazama ukungu nyuma kuona kama wale wenye kamba wamekaribia. Hawakuwa wamekaribia.

"Shemeji," mshonaji aliuliza, "mliyemzika alikuwa nani?"

Shemeji aliinama polepole miguuni pake, kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu.

Lakini gambuti hazina kamba.